Ukitoka Mombasa Kwenda Kasarani, Begi Lako Liwe na Nini?

Kila kukiwa na mechi kubwa Kasarani, simu za ndugu zetu wanaoishi Ruiru, Juja na Thika huanza kulia. "Mjomba, tiketi ninayo, naja kulala kwako." Anayepiga ni kijana wa Kisauni, au wa Majengo, au binti wa Malindi na wenzake wawili. Mwenyeji hana neno, hutandika godoro sebuleni na kuongeza kikombe cha mchele kwenye sufuria. Kinachomshangaza ni kumwona mgeni ameshuka kwenye basi alfajiri na fulana ya mikono mifupi, ndara miguuni, na simu iliyokufa chaji tangu Mtito Andei.

Ndugu msomaji, suala la nini cha kubeba siku ya mechi laonekana dogo, la kuzungumzwa barazani tu. Si dogo. Mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa CHAN, na tuliona wenyewe jinsi safari ya mpira inavyoweza kumharibikia mtu langoni kabla hata kipenga hakijapulizwa. Mbele yetu kuna AFCON ya 2027, ambayo nchi hizo hizo tatu zilipewa kuiandaa tangu Septemba 2023. Watu wa Pwani watakwenda, na wengi watafikia kwa jamaa zao kando ya barabara ya Thika. Basi tuelezane mapema nini kiingie kwenye begi, nini kibaki nyumbani, na kwa sababu gani.

Ujue kwanza waendako watu

Uwanja wa Kasarani, ambao jina lake rasmi ni Moi International Sports Centre, ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Uko kando ya barabara ya Thika, ile barabara kuu pana iliyofunguliwa 2012. Ukiwa Thika mjini, uwanja uko karibu kilomita 30 ukielekea Nairobi. Unapita Juja, unapita Ruiru, kisha Kahawa, Githurai na Roysambu, ndipo unashuka Kasarani. Aliyelala Ruiru yuko karibu zaidi, chini ya nusu ya mwendo huo.

Kwa mtu atokaye Mombasa kwa basi, si lazima aingie hadi katikati ya jiji ndipo arudi nyuma. Barabara ya Eastern Bypass huanzia Mombasa Road karibu na Cabanas, hupitia Utawala na Ruai, na kutokea Ruiru. Anayekuja kwa treni ya SGR naye hushuka Syokimau, si mbali na hapo. Mwulize mwenyeji wako kabla hujaondoka akwambie ushukie wapi, uandike kwenye karatasi. Usitegemee simu peke yake, kwa sababu nitakazokueleza baadaye.

Baridi yao si kipupwe chetu

Sisi tukisema kipupwe tunakusudia ule upepo wa kusi unaotuburudisha Juni hadi Agosti, ukalala bila feni na kujifunika leso. Miezi hiyo hiyo, Ruiru na Thika ni habari nyingine. Miji hiyo iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi kuna mawingu mazito na manyunyu, jua huweza kutoonekana kutwa nzima, na usiku joto hushuka hadi kiasi cha nyuzi 12. Mombasa usiku wa baridi kabisa bado uko kwenye nyuzi ishirini na kitu. CHAN ilichezwa Agosti, na AFCON ya 2027 imepangwa katikati ya mwaka. Kwa hivyo baridi utaikuta.

Ubaya wa baridi ya uwanjani ni kwamba unakaa. Hutembei, hubebi kitu, umekaa kwenye kiti cha plastiki saa tatu au nne, na upepo unapita chini ya jukwaa. Dawa yake si koti moja nene la kuazima. Dawa ni nguo juu ya nguo: fulana ndani, shati au jezi juu yake, kisha sweta, na mwisho jaketi jepesi lisilopitisha mvua. Mchana jua likitoka unavua moja moja, jioni unarudisha. Anayetaka jezi yake ya Harambee Stars ionekane ainunue kubwa kidogo aivae juu ya sweta. Wenyeji wa huko hufanya hivyo na hawaoni haya.

Akina mama na mabinti wanaovaa buibui, vaeni suruali nzito au soksi ndefu ndani. Buibui jepesi la kwetu limeshonwa kwa ajili ya joto, halizuii upepo wa Kiambu. Chukueni na leso moja ya ziada. Leso utaikalia kiti kikiwa na maji, utajifunika mabegani usiku, utamfunga mtoto mgongoni akichoka, na pakihitajika utaswalia.

Viatu ni raba za kufunga kamba. Ndara na makubadhi yaacheni nyumbani kwa mwenyeji. Hapa sisemi mambo ya urembo. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika uwanja wa Nyayo, watu saba walipoteza maisha kwa kukanyagana siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Tarehe 24 Januari 2022, wakati wa AFCON ya Cameroon, watu wanane walikufa katika msongamano wa langoni kwenye uwanja wa Olembe, Yaoundé. Ndara ikichomoka kwenye msongamano, mtu huinama kuitafuta, na kuinama ndiko kunakoua.

Tiketi ndiyo nguo ya kwanza

Wakati wa CHAN tiketi ziliuzwa mtandaoni, ukaionyesha kwenye simu langoni. Kwenye mechi za mwanzo kulikuwa na watu waliosukuma mageti na kuingia bila tiketi. Adhabu iliwaangukia hata waliolipa kwa halali. CAF ilipunguza idadi ya mashabiki wanaoruhusiwa Kasarani hadi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Morocco ya tarehe 10 Agosti, na ikaonya kwamba mechi za Kenya zingeweza kuhamishwa. Maana yake, mtu aliyezoea kufika langoni na kutafuta tiketi kwa walanguzi alijikuta amesafiri karibu kilomita 500 kuja kusikiliza kelele nje ya ukuta.

Basi fanya hivi. Nunua tiketi kwenye njia rasmi kabla hujakata nauli ya basi, usianze na nauli. Ukishaipata, ihifadhi kama picha ndani ya simu, maana watu maelfu wakikusanyika mahali pamoja mtandao hulegea na ukurasa haufunguki. Mtumie mwenzako nakala, na ikiwezekana piga chapa karatasi moja uikunje mfukoni. Usiibandike tiketi yako kwenye status ukijigamba, kwani mtu anaweza kuinakili ile alama ya kuskani, akaingia yeye kabla yako.

Beba kitambulisho. Na simu ijae chaji. Hapa ndipo vijana wetu wengi hukwama: wametoka Mombasa usiku, wamecheza video njia nzima, wamefika Ruiru asubuhi wakalala, wameamka saa sita na kukimbilia matatu. Tiketi imo ndani ya simu, simu imezima. Chaji usiku kwa mwenyeji, na simu ukiiweka mfukoni zima data mpaka ufike langoni. Pawabanki ndogo ni msaada, lakini soma maagizo yaliyotolewa kwa mechi hiyo, kwa maana kuna siku askari wa langoni hawaruhusu.

Vya kuacha nyumbani

Kanuni hubadilika kidogo kutoka mechi hadi mechi, lakini kuna vitu ambavyo karibu kila uwanja mkubwa huvikataa: chupa za gilasi na makopo, visu na kitu chochote chenye ncha, fataki na moshi wa rangi, tochi za leza, pombe, miavuli mirefu, na mabango yenye matusi au siasa. Mabegi makubwa nayo hurudishwa. Usiende na lile begi ulilosafiri nalo kutoka Mombasa ukitumaini kuna mahali pa kuliweka. Hapana pa kuliweka. Liache kwa mwenyeji wako, uende na kibegi kidogo cha kuvaa kifuani au kiunoni.

Wale wanaosahau, mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Chukua mfuko wa kitambaa. Na kama una dawa za kila siku, za sukari, presha au pumu, zibebe kwenye pakiti yake yenye jina, pamoja na karatasi ya daktari kama unayo. Mwenye pumu asiache pampu yake hata siku moja. Baridi, vumbi na moshi wa magari ya barabara ya Thika havimwonei mtu huruma.

Dhahabu pia ibaki. Bangili, mkufu, pete ya mama, hata saa ya bei, hakuna atakayeiona kwenye umati wa watu isipokuwa yule anayeitafuta.

Chakula na maji

Msifunge safari kwa mahamri kumi na mbili na chupa ya chai mkitaraji mtaingia navyo. Mara nyingi chakula kutoka nje huzuiwa, na maji hutakiwa uyamalize langoni. Kwa hivyo kula kabla. Ukilala Ruiru au Thika, kula chakula cha mchana nyumbani mapema, chakula kizito chenye kushiba, na unywe maji ya kutosha lakini usizidishe dakika za mwisho, maana foleni ya choo wakati wa mapumziko ni mechi nyingine.

Mfukoni weka kitu kidogo kisichopiga kelele: tende chache, karanga, au kashata. Tende tatu zitakufikisha mbali zaidi kuliko soda. Ukizuiwa nazo langoni, gawa kwa waliosimama nyuma yako, ni sadaka.

Na usiende kwa mwenyeji mikono mitupu. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndugu yetu wa Ruiru amekaa miezi hajaonja achari ya embe ya kwetu, wala mabuyu, wala halwa. Nazi mbili na pakiti ya halwa ndani ya begi hazikuzidishii uzito, na zitakufungulia mlango hata siku ya AFCON.

Swala zisipotee katikati ya kelele

Mechi nyingi kubwa huchezwa saa tisa, saa kumi na moja au saa mbili usiku. Hesabu mwenyewe: Alasiri, Magharibi au Isha, mojawapo itakukuta uwanjani au njiani. Msafiri aliyetoka Mombasa ana ruhusa yake ya kupunguza na kukusanya swala kwa masharti yanayojulikana, na masheikh wetu wako, waulizwe kabla ya safari. Aliyehamia Ruiru na kuishi huko si msafiri, hana ruhusa hiyo kwa kwenda Kasarani tu. Msichanganye.

Kwa upande wa begi, mambo ni mepesi. Tia udhu nyumbani kwa mwenyeji au kwenye msikiti ulio njiani, maana misikiti iko Thika, iko Ruiru, iko Githurai. Chukua mswala mwembamba unaokunjika ukaingia mfukoni, au ile leso niliyoitaja. Mechi ya robo fainali ya Kenya na Madagascar ilikuwa Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2025. Siku kama hiyo, panga uswali Ijumaa karibu na unakokwenda, ndipo uelekee uwanjani, usije ukakimbia khutuba kwa sababu ya foleni.

Ukienda na mtoto

Mtoto kwenda uwanjani ni jambo zuri, ndiko anakoanza kuipenda nchi yake. Lakini begi la mtoto si la mtu mzima. Ongeza sweta ya pili, soksi za kubadilisha, kofia ya sufi ya kufunika masikio, na biskuti. Kabla hamjatoka nyumbani, mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu, au kwenye kikaratasi umtie mfukoni, na umfundishe kwamba akipotea asimfuate mtu asiyemjua, asimame alipo au amwendee askari mwenye sare. Mpige picha asubuhi akiwa na nguo alizovaa siku hiyo. Ukimtafuta, utakuwa na cha kuonyesha badala ya kusema "amevaa jezi nyekundu," na watoto elfu mbili wamevaa jezi nyekundu.

Fikeni mapema, saa mbili au tatu kabla ya mechi. Kama mtaona watu wameanza kusukumana langoni, rudini nyuma. Mkishabanwa ndani ya umati, msisukume kurudi kinyumenyume. Inua mikono kifuani ili upate nafasi ya kupumua, sogea pole pole ukielekea pembeni, mtoto mweke mbele yako juu ya mkono, na kitu chochote kikianguka, simu, kiatu au tiketi, kiache. Hakuna goli lenye thamani ya roho.

Njia ya kurudi ndiyo ngumu

Ile mechi ya Madagascar yafaa iwe funzo kwa kila msafiri. Ilianza jioni, ikawa sare ya 1-1, ikaenda hadi dakika 120, kisha penalti, na Kenya ikatolewa 4-3. Aliyepanga kurudi Thika kwa hesabu ya dakika tisini alijikuta gizani, kwenye baridi, na maelfu ya watu wenye huzuni wakigombea matatu zile zile. Basi kila mechi ya mtoano ipange kwa dakika 120 na penalti zake.

Nauli ya kurudi iweke kando tangu asubuhi, katika mfuko usiougusa, na iwe zaidi ya nauli ya kawaida. Bei hupanda umati unapotoka, na hakuna atakayekusikiliza ukilia. Weka noti ndogo ndogo, maana M-Pesa nayo huweza kukwama mtandao ukilemewa. Kama mko kikundi, kubalianeni kabla ya kuingia mahali pa kukutana mkipoteana, na pawe mahali pasipoondoka: daraja la waenda kwa miguu au kituo cha mafuta. Msiseme "pale penye basi jeupe."

Msivuke barabara ya Thika kwa miguu usiku. Ina njia nyingi na magari yanakwenda kasi. Kuna madaraja ya juu ya watu, yatumieni hata kama ni kuzunguka. Na bodaboda ya watu watatu bila kofia si usafiri, ni kamari.

Vivyo hivyo kwa wanaokwenda kutazama ligi kwenye uwanja wa Thika mjini. Hapo umati ni mdogo na kurudi nyumbani ni rahisi, lakini mvua na baridi ni zile zile. Ni mahali pazuri pa kumzoesha mtoto kabla hujampeleka Kasarani.

Swali ambalo halimo ndani ya begi

Nimeeleza sweta, tiketi, tende na nauli. Limebaki jambo moja ambalo hakuna begi linaloweza kulitatua. Kwa nini mtu wa Mombasa lazima asafiri usiku kucha kwenda kuona mechi kubwa? Wakati wa CHAN ndugu zetu wa Zanzibar walitoka majumbani mwao wakaenda Amaan, wakatazama, wakarudi kulala. Sisi, mji wa pili kwa ukubwa katika Kenya, uwanja wetu wa Manispaa pale Tononoka umekaa miaka mingi kwenye ukarabati, na Bandari wetu wanacheza Mbaraki. Wakubwa wakija kuomba kura, waulizwe hili kwa adabu lakini kwa sauti.

Mpaka siku hiyo ifike, tutaendelea kuwapigia simu wajomba wa Ruiru na mashangazi wa Thika. Basi kata kipande hiki ukibandike kwenye mlango wa kabati: tiketi kwenye simu na kwenye karatasi, kitambulisho, chaji, sweta na jaketi, raba na soksi, leso, tende, dawa zako, noti ndogo, nauli ya kurudi iliyofichwa, na namba ya mwenyeji iliyoandikwa kwa mkono. Vyote vyaingia kwenye kibegi cha kifuani, isipokuwa halwa ya mwenyeji. Hiyo ibebe mkononi, uingie nayo mlangoni ukitoa salamu.